Sote Tunaona Joto

Machi ni mwezi wa tanga mbili. Kaskazi imechoka, kusi haijafika, na upepo umesimama katikati. Dar es Salaam jasho halikauki: hewa imekwisha kushiba unyevu wa bahari, haina pa kulipokea, na jasho lisilokauka haliupozi mwili, linaulowesha tu. Siku hizo mtu akilalamika, mwenzake humjibu kwa upole, "Sote tunaona joto." Maana yake: vumilia, hauko peke yako.

Nimetaka kuijadili sentensi hiyo na watu iliowaumiza. Nimewaketisha watatu sebuleni, katika nyumba moja ya Ilala, baada ya magharibi, umeme umekatika. Wote ni watu wazima wenye usonji. Msiwatafute mitaani, nimewatunga ili hoja zipate vinywa, na badala ya majina nimewaita kwa kazi zao. Mwalimu ana miaka 58, mzaliwa wa pwani ya mashariki ya Unguja, hufundisha hisabati. Fundi ni mshonaji kutoka Mombasa, mwanamke wa miaka 41. Karani, kijana wa Temeke mwenye miaka 29, hutunza majalada ofisini. Mwenyeji ni mimi, nisiye na usonji, na kosa la kwanza ni langu.

MWENYEJI: Karibuni sana. Poleni na joto, ingawa sote tunaliona.

KARANI: Shikamoo Mwalimu. Shikamoo dada.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu.

FUNDI: Marahaba.

KARANI: Sasa Mwenyeji, nianze na wewe. Sentensi hiyo niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la kwanza. Nilivua shati darasani. Mwalimu wa zamu akanichapa, akaniuliza: sote tunaona joto, mbona wenzako hawavui? Nikaona swali lake ni la haki. Nikageuka nikawatazama wenzangu wote, kweli hakuna aliyevua. Nikahitimisha kwamba wanaungua kama mimi, ila wao mashujaa na mimi mwoga. Nimeishi na hitimisho hilo miaka ishirini.

MWALIMU: Mimi nilichapwa kwa mengine, joto nililizoea. Ndiyo hoja yangu tangu mapema, msije mkasema nimewavizia. Mtu wa pwani hazaliwi amezoea Machi, huizoea. Bibi yangu hakulijua neno usonji, nami nimelikuta nikiwa na mvi. Alichojua ni kwamba mjukuu wake hula wali mweupe tu, haguswi kichwa, na ngoma zikilia hujificha uvunguni. Akanivuta kidogo kidogo. Leo naingia sokoni, naingia msibani, nasimama mbele ya wanafunzi hamsini. Kama angenionea huruma ningekuwa bado uvunguni.

FUNDI: Na ukirudi kutoka msibani, Mwalimu, unafanya nini?

MWALIMU: Nalala.

FUNDI: Muda gani?

MWALIMU: Siku mbili.

FUNDI: Basi hukuzoea. Ulikopa.

MWENYEJI: Hebu nieleweshwe kwanza. Hilo joto lenu likoje?

KARANI: Kiswahili kina neno moja kwa mambo mengi: nasikia joto, nasikia kiu, nasikia njaa, nasikia kengele. Mimi kengele naisikia hata ya shule ya mtaa wa tatu. Kiu ndiyo siisikii. Kiu yangu haina sauti. Wanaochunguza hisia wanasema mwili una habari zake za ndani: koo limekauka, kibofu kimejaa, moyo unakimbia, damu imepata moto. Kwa baadhi yetu habari hizo huchelewa, au hufika zote kwa mkupuo bila majina. Mimi joto likinizidi sijui kama ni joto. Najua tu kwamba nimemchukia kila mtu ofisini. Juzi niligombana na mashine ya fotokopi. Mama mmoja wa masijala akanipa chupa ya maji, nikaimaliza, hasira ikaondoka. Niliona aibu kugundua kuwa ile hasira ilikuwa kiu.

FUNDI: Mimi kinyume chake. Nasikia kila kitu, tena kwa sauti moja. Tone la jasho likishuka mgongoni ni sisimizi nisiyemfikia. Lebo ya shingoni, mshono wa bega, kola, harufu ya manukato ya mteja, honi ya matatu. Msimu wa kusi navimudu vyote. Machi sivimudu hata kimoja. Watu hudhani joto ni kero moja iliyoongezeka juu ya nyingine. Wallahi sivyo. Joto hula akiba. Ile subira niliyoiweka kwa ajili ya kelele na watu, jua la saa nne asubuhi limekwisha kuitumia, na mteja wa saa tano ananikuta nimefilisika.

MWENYEJI: Na utotoni hakuna aliyeliona hilo?

FUNDI: Kwa mtoto wa kike wa Kimvita? Nilisifiwa! Vitabu vya madaktari vinataja mtoto asiyekutazama machoni. Vimeandikwa kwao, ambako mtoto anayezungumza na mkubwa hutakiwa amtazame. Kwetu mtoto wa kike anayemkodolea macho mkubwa hana adabu. Mimi niliinamisha uso, sikuzungumza mpaka nizungumzishwe, sikutoka nje kucheza. Majirani wakamwambia mamangu, "Umejaliwa binti mtulivu." Nilikuwa situlii, nilikuwa nahesabu nyuzi za jamvi ili nisipige ukelele. Kaka yangu mdogo, ambaye alipenda kukimbia tu kama watoto wote, ndiye aliyepelekwa kusomewa.

MWALIMU: Mimi walisema nina jini wa baharini.

KARANI: Mimi, kiburi. Na sababu ilikuwa salamu. Mtu akiniuliza "Habari za nyumbani?" nilimpa habari za nyumbani: baba amemtukana mjomba, unga umekwisha, choo kimeziba. Mama akanifundisha: jibu "nzuri". Nikamuuliza, hata zikiwa mbaya? Akasema ndiyo, kisha ndipo uziseme zile mbaya. Basi siku babu alipofariki jirani akaniuliza habari, nikamjibu, "Nzuri, ila babu amekufa." Nilijiandaa kupigwa. Yule mama akanikumbatia akalia. Mpaka leo naiona salamu ya Kiswahili ni kitu cha ajabu kuliko injini ya treni, lakini nimekubali kwamba ina kanuni, na kanuni zake naziweza.

MWALIMU: Unaona! Umefundishwa, umeweza. Ndiyo hoja yangu.

KARANI: Nilifundishwa kwa kuelezwa sababu, Mwalimu. Shati nilifundishwa kwa fimbo.

MWENYEJI: Naomba niwe mchokozi. Kuna wazazi wanaosema siku hizi kila mtu mzima aliyewahi kuchukia kelele anajiita ana usonji. Kwamba usonji ni wa watoto, tena wale wasiosema.

KARANI: Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alichapisha mwaka 1943 habari za watoto 11. Wa kwanza katika orodha yake aliitwa Donald, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Watu wanamkumbuka kama mtoto wa kwenye karatasi. Donald Triplett alikua, akafanya kazi benki mjini kwao miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji hauishi ukibalehe. Kila tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya usonji iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2008, nasubiri kuona picha ya mtu mwenye mvi. Naona watoto na maputo.

FUNDI: Na hakuna kipimo cha damu cha kumaliza ubishi. Mtaalamu hukaa nawe, akakuuliza, akakutazama, akauliza na waliokulea. Wataalamu wenyewe huku kwetu ni wachache, na wengi wao wamejifunza kutazama watoto. Mtu mzima huishia kujisoma mwenyewe. Simlaumu mzazi anayetilia shaka. Mamake mtoto amebeba lawama za kila aina. Huku tukaambiwa amelogwa, na huko Ulaya na Marekani, je?

KARANI: Huko walisema mama ni baridi, kama friji. Bruno Bettelheim wa Chicago alieneza dhana hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1967 kikasomwa sana. Baadaye ilionekana haina msingi.

FUNDI: Mamangu na Machi ya Mombasa, aambiwe friji! Angeshukuru.

MWALIMU: Turudi kwenye hoja. Sikatai kwamba inauma. Nasema dunia haitapunguza joto kwa ajili yetu. Mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini kabisa hapa kwetu. Ukisimama uani saa sita na nusu mchana kivuli chako unakikanyaga. Jua halina ofisi ya kupokea malalamiko. Lililonisaidia mimi si madai, ni maji.

MWENYEJI: Maji ya kunywa?

MWALIMU: Ya bahari. Ngoja nieleze, na mkiniona narefusha nikatisheni, maana sijui kujikatisha. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti yaweza kufika mita nne. Katikati ni maji mafu. Nikiwa na miaka minane nilikuwa na daftari. Nilijua Jumanne ijayo maji yatanifika kifuani saa ngapi. Joto likija, mimi najua saa yangu ya kuokoka. Wengine walikuwa wanaoga baharini, mimi nilikuwa nina miadi.

FUNDI: Na wakakuachia?

MWALIMU: Walicheka. Bibi ndiye aliyeigeuza kuwa kazi. Wanawake wanaokwenda miambani kutafuta pweza maji yakipwa, akawaambia: muulizeni huyu. Wakaniuliza, nikawajibu mpaka dakika. Wakanipa pweza. Sikumla, anateleza. Lakini kuanzia hapo sikuwa tena mwenye jini, nikawa mwenye elimu.

MWENYEJI: Wazazi wengine huambiwa wamtoe mtoto kwenye mapenzi ya jambo moja, eti yanamfunga.

FUNDI: Mimi jambo langu ni kanga. Pindo, mji, jina. Kila kanga ina vitatu hivyo. Watu walisema binti huyu haelewi mafumbo, na ni kweli sikuyaelewa. Basi nikaanza kuandika majina ya kanga daftarini: nani kavaa jina gani, siku gani, mbele ya nani, na kulitokea nini. Baada ya miaka kumi nikawa najua kwamba jirani akivaa jina fulani akapita mara mbili mbele ya mlango, kuna mume wa mtu kazini. Wenzangu walizaliwa wanalijua hilo, mimi nimelisomea. Ukininyang'anya kanga umeninyang'anya mlango wa kuwaingilia watu.

MWALIMU: Sasa nani anasema kuzoea ni kubaya? Huo si ndio wenyewe?

FUNDI: Mwalimu, kuna kujifunza na kuna kujifanya. Kujifunza nilichagua, na nikichoka nafunga daftari. Kujifanya ni ule uso ninaouvaa dukani: natabasamu mteja anapocheka, namtazama katikati ya nyusi adhani namtazama machoni, naficha mikono isichezecheze. Uso huo nimeushona mwenyewe, tena nimeushona vizuri. Lakini ni nguo nzito, na Machi nguo nzito inaua. Sisemi watu wenye usonji wasijifunze. Nasema msituhesabie kuwa tumepona kwa sababu tumenyamaza.

KARANI: Niruhusuni niingize reli.

FUNDI: Nilikuwa nangoja.

KARANI: Hapa Dar es Salaam kuna reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati ya zamani, milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwenda Zambia, kilomita 1,860, upana wake milimita 1,067. Na hii mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, milimita 1,435. Sasa chukueni zile mbili za mwanzo. Tofauti yake ni milimita 67, haizidi upana wa kiganja. Ukisimama mbali huoni tofauti. Lakini behewa la huku halipiti kule. Je, behewa ni bovu? Si bovu. Reli ni mbovu? Si mbovu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alisema jambo hilo kuhusu watu: kutoelewana kwetu na ninyi ni kwa pande mbili. Mimi nashindwa kukusoma wewe, Mwenyeji, nawe unashindwa kunisoma mimi, ila aliyepelekwa hospitali ni mimi peke yangu.

MWENYEJI: Na dawa yake?

KARANI: Pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya mita na reli ya TAZARA hukutana. Hakuna anayechukua msumeno akapunguza ekseli za behewa. Wamejenga mahali pa kuhamishia mzigo. Mwalimu, bibi yako alijenga Kidatu alipowaambia wale wanawake wakuulize. Yule wa fimbo alishika msumeno.

MWALIMU: Hiyo nitaifikiria. Nina shaka na mfano wako mahali pamoja. Kuhamisha mzigo kunachukua muda na mtu wa kulipa.

FUNDI: Hapo ndipo penyewe! Nani alipe? Twasema tukae penye kiyoyozi. Kiyoyozi cha nani? Kwangu pana feni moja na mafundi wanne. Kwa hiyo mimi hushona ninavyoweza: pamba tupu, tetroni siigusi, mishono naitoa nje isikwaruze ngozi, lebo sizibakishi. Ofisini kwako Karani wakubali shati lisiingizwe ndani ya suruali. Hilo ni bure.

KARANI: Nimeomba. Nikaambiwa sote tunaona joto.

MWENYEJI: Nimesikia, nimesikia. Tuseme basi mnayofanya, msomaji aondoke na kitu mkononi.

KARANI: Mimi sisubiri kiu. Kila saa ikigonga nakunywa glasi moja, nisikie nisisikie. Nina karatasi mezani yenye swali moja: je, ni hasira au ni joto? Kabla ya kumjibu mtu vibaya nanawa mikono mpaka kwenye kiwiko, kisha ndipo naamua. Na daladala ya saa moja asubuhi siipandi. Naamka saa kumi na moja, napanda ya kwanza, ina kiti na dirisha, na konda bado ana usingizi.

MWALIMU: Mtungi. Maji hupenya ule udongo, hukauka kwa nje, ya ndani yakapoa, na hauna kelele. Friji yangu inanguruma, nimeipeleka uani. Na nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina siri yake: kuta nene, dari ndefu, ua wa katikati. Nikiwa mjini najua baraza tano za kukaa na saa zake za kivuli.

FUNDI: Mimi napenda kulemewa, uzito unanituliza. Zamani nilijifunika blanketi mbili hata Machi, nikawa nachagua kati ya kutulia na kupumua. Sasa naweka mfuko wa mchele wa kilo mbili magotini, na kanga mbichi shingoni. Mmoja wanishika, moja yanipoza. Jingine ni la daktari: dawa nyingine za kutuliza akili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Anayezitumia asiziache mwenyewe, ila amuulize aliyemwandikia, hasa kabla ya miezi hii.

MWENYEJI: Fundi, umeinamisha kichwa.

FUNDI: Nawaza kwamba sote hapa tuna ndimi. Dadangu ana mtoto wa miaka 19, hasemi. Yeye hana daftari wala reli. Joto likimshika anavua nguo zote, anakwenda bombani uani, anajimwagia. Mara kumi kwa siku. Majirani wanalalamika bili ya maji, wanaume wanasema kijana mzima anatembea uchi mbele ya wanawake, na ameshapigwa. Sasa mimi nasikiliza mjadala huu, najiuliza: huyu azoeshwe nini?

MWALIMU: Asitiriwe. Si azoeshwe, asitiriwe.

FUNDI: Vipi?

MWALIMU: Bomba lizungushiwe makuti. Ni kazi ya asubuhi moja. Mkononi apewe msuli wa kuvaa akitoka.

KARANI: Na huyo ndiye pekee kati yetu ambaye, akipata joto, anafanya jambo sahihi papo hapo. Mimi nanunua karatasi ya kuniuliza kama ni joto. Yeye anajua.

MWALIMU: Ni kweli. Nilivyokuwa na miaka minane nilikuwa kama yeye, nilikwenda kwenye maji. Nilivyozoea, kama mnavyosema, nikaacha kwenda. Sijaoga baharini tangu nianze kufundisha. Ni nani aliyenikataza? Sikumbuki mtu.

Hapo pakawa kimya. Nilitaka kufunga mjadala kwa neno la busara, na neno lililokuja kinywani ni lilelile, kwamba joto ni la wote. Ni kweli ni la wote, kama mvua ilivyo ya wote, na bado hatumwambii asiye na paa kwamba sote tunalowa. Mzee anayejibu "sote tunaona joto" hakusudii ubaya. Anagawa faraja aliyonayo. Ila faraja hiyo hufunga maswali. Mtoto akishaambiwa hivyo mara mia, huacha kutuambia kinachomuuma. Nasi tukimwona kimya twasema amekua.

Umeme ukarudi. Taa ikawaka, Fundi akaziba macho kwa kiganja, nikaizima nibakishe ya ukumbini. Nikanyanyuka kuwasha pangaboi, maana jasho lilikuwa linanitiririka. Kisha nikakumbuka.

MWENYEJI: Niwashe pangaboi?

KARANI: Washa, tafadhali. Mpaka mwisho.

FUNDI: Usiwashe. Lagonga hilo, nilisikia nilipoingia kabla halijazimika. Bawa moja limelegea.

MWALIMU: Namba mbili. Namba mbili haigongi, nilihesabu.

Miaka kumi na moja nimekaa chini ya pangaboi lile. Nikabaki nimesimama, mkono kwenye swichi, nikawaomba waniambie tena mmoja mmoja.